Mama na Mwana Waliopanda Gari la Muhanna

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa, Muhanna bin Zahir anafuta vumbi la dashibodi kwa ncha ya kilemba chake. Anazima redio, anaitia simu kwenye kisanduku cha mbele na kukifunga. Chupa ya kahawa iko chini ya kiti, imezungushiwa taulo, na bakuli la tende limekaa juu ya kitambaa safi.

Mbele ya hoteli ndogo iliyo nyuma ya soko la Nizwa wamesimama watu wawili. Mmoja ni mama wa makamo mwenye buibui jipya, na mwingine kijana wa kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, jambia ya fedha kiunoni.

"Salamu alekum. Karibuni, gari lenu hili hapa."

Anawauliza hali zao, afya zao, safari yao na watu wao waliobaki nyumbani. Kila swali linajibiwa njema, alhamdulillahi, kisha naye anaulizwa yale yale. Salamu zinachukua dakika nne. Mwisho wake Muhanna hajui majina yao, wala hana haja ya kuyajua.

"Mgeni haulizwi jina," anamweleza mwandishi, ambaye amepewa kiti cha mbele ili aandike habari za siku moja ya mwongoza watalii. "Marehemu baba alinitia kofi kwa kumuuliza mtu katoka wapi, na mtu mwenyewe alikuwa bado hajala. Mgeni akishiba atajisema."

Muhanna ana miaka arubaini na minane. Zamani aliendesha lori la maji, akipandisha matangi kwenye vijiji vya Jabal Shams wakati barabara ilikuwa mawe matupu. Mgongo ulipomshinda akasomea kazi hii, na sasa anatimiza mwaka wa kumi na moja. Kampuni ya Maskati humtumia ujumbe, naye huwachukua wageni kutwa: soko, ngome, korongo, kurudi. Kwa kila safari anabaki na riali thelathini na tano. Miezi ya baridi hupata safari nne kwa wiki. Joto likiingia hukaa nyumbani Alhamra na mkewe Ghaniya, akishughulika na mitende.

Ujumbe wa kampuni wa siku hiyo ulisema: watu wawili, mama na mwanawe, Waarabu. Chini yake yaliandikwa majina. Muhanna hayasomi majina, maana akiyasoma atajikuta ameyasema kabla ya wenyewe.

Ni afadhali msomaji aambiwe sasa jambo ambalo ndani ya gari hakuna aliyelijua lote. Mama yule na mwanawe hawakuwa watalii. Mama ni Bi Tuful wa Salala. Mwanawe ni Bakhit, muuguzi wa miaka ishirini na tisa katika hospitali moja ya Maskati. Walikuwa wamekuja kumposa Zuwaina, binti wa Alhamra anayefanya kazi katika maabara ya hospitali hiyo hiyo. Baba wa Zuwaina amefariki, na mwenye kauli ni ami yake, mzee Hamdan, mtu mkali anayegawa zamu za maji ya falaji, mfereji wa mashamba, na asiyesamehe dakika moja. Mzee alikuwa haamini posa ya kutoka mbali namna ile. Baada ya kubembelezwa miezi mitano alikubali kuwaona mara moja tu: waje Ijumaa, atapeleka gari hotelini kuwachukua.

Zuwaina alimpa Bakhit maagizo. Azime simu, ami hazipendi. Asiitaje posa mpaka ami aitaje. Atakachoambiwa afanye, afanye, kwa sababu ami hupenda kumpima mtu.

Kwa hiyo lilipotokea gari na mtu mzima wa Alhamra akawaambia karibuni, walipanda. Bakhit, akidhani ndiye mzee mwenyewe, alimwita ami tangu hatua ya kwanza, naye Muhanna akafurahi kupata wageni wenye adabu.

Sokoni mnada wa mbuzi umeshapamba moto. Wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara, wanunuzi wamechuchumaa pande mbili, na kelele za bei zinapita juu ya vichwa. Muhanna anasema maneno anayoyasema kila Ijumaa.

"Haya, kijana. Ungekuwa wewe, ungemchukua yupi?"

Bakhit anamtazama mama yake. Mama anamtazama Bakhit. Kijana anaingia duarani na jambia yake, anamshika mbuzi mmoja mwekundu, anamfunua midomo kutazama meno, anampapasa mbavu, anamwinua mguu.

"Usichukue wa rahisi," mama ananong'ona.

"Huyu," anasema Bakhit, na kabla Muhanna hajamaliza kucheka, kijana ameshatoa riali mia na themanini.

Muhanna anabaki mdomo wazi. Watalii wake wote humpiga mbuzi picha. Wengine humpapasa, kisha huomba maji ya kunawa. Huyu kanunua, na sasa anamvuta kwa kamba kuelekea garini, kanzu nyeupe imeshajaa manyoya.

"Ami, tumtie wapi?"

"Mtie nyuma," anajibu Muhanna, na kumgeukia mwandishi kwa sauti ya chini. "Huyu mtu mbuzi atampeleka wapi? Salala kwa ndege?"

Mwandishi anasema hajui. Anaandika kwenye daftari lake, na kila anapoandika Bi Tuful humtazama kwa jicho baya. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba mama alidhani yule ni karani wa kadhi, kazi yake kuorodhesha makosa ya mwanawe.

Ngomeni mambo yakazidi kuwa mazito. Kwenye ngazi nyembamba ya kupandia mnara mkubwa, Muhanna husimama chini ya tundu lililo juu ya mlango. Ana mzaha wake hapo, wa miaka kumi na moja, na haujawahi kumwangusha.

"Zamani, mtu akija na nia mbaya, alimwagiwa asali ya tende iliyochemka kutoka tundu hili. Kwa hiyo kila mmoja ajiulize nia yake."

Bi Tuful amekishika kifua. Bakhit anakohoa.

"Nia yetu ni safi, ami," anasema. "Wallahi ni safi."

"Nilikuwa nafanya mzaha."

"Ndiyo, ami. Lakini ni safi."

Muhanna anapanda ngazi zilizobaki. Juu, mitende ya Nizwa imetanda mpaka milimani na hewa ni baridi, mahali ambapo wageni wake husahau hata kuvuta pumzi. Hawa wawili hawatazami mitende. Wanamtazama yeye. Akikaa, nao wanakaa. Akinyanyuka, wanaruka juu. Alipojikuna sikio, mwandishi anaapa kwamba kijana naye aliupeleka mkono sikioni.

"Nimewakosea nini?" anamuuliza mwandishi wakati wa kushuka. "Hawacheki, hawapigi picha. Kahawa yangu wameinywa vikombe saba na hawakitikisi kikombe kusema basi. Mpaka mimi niliyemimina nimeona haya."

"Waulize," mwandishi anasema.

"Niwaulize? Nipate sifa hiyo mjini?"

Barabara inakwenda magharibi, inaiacha Alhamra mkono wa kulia, inaingia chini ya majabali ya Ghul. Mlango wa nyumba ya mzee Hamdan waliupita kwa umbali wa mita mia mbili. Bakhit, ambaye alijua Zuwaina ni wa mji ule, aligeuza shingo kuufuata mji mpaka ukapotea. Mama alimfinya. Wakasali Ijumaa kwenye msikiti mdogo wa njiani, wanaume mbele na Bi Tuful chumba cha wanawake, kisha gari likaanza kupanda.

Muhanna anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine uko dirishani. Anazijua kona hizi tangu enzi za lori. Nyuma mbuzi analia kila kona. Bi Tuful anasoma dua kwa sauti. Mwandishi alikiri moyoni kwamba hajawahi kuona safari ya utalii yenye majonzi kama ile.

Saa nane mchana wako ukingoni. Huko Jabal Shams ardhi inakatika tu. Unatembea juu ya mawe tambarare, na hatua inayofuata haina ardhi. Chini kabisa, karibu kilomita nzima, bonde linaonekana kama uzi.

"Kijana, sogea," anasema Muhanna. "Sogea uone vizuri."

Bakhit anasogea hatua tatu. Anapiga magoti, anatambaa na kanzu yake, jambia inakwaruza mawe. Akibakiza urefu wa mkono mmoja kufika ukingoni, anakoma.

"Sogea kidogo tu. Wengine hukaa na kuning'iniza miguu."

"Ami, naogopa," anasema Bakhit. "Siwezi zaidi ya hapa. Kama ni lazima niweze, basi sikuweza."

Muhanna anamvuta nyuma haraka. Rangi imemtoka, kwa sababu hakuna mtalii aliyewahi kumwambia maneno kama hayo. Bi Tuful amekuja mbio, amemkumbatia mwanawe na kumfuta vumbi usoni kwa ushungi, na macho yake kwa Muhanna yanawaka.

Mwandishi hakuvumilia tena. Wenyeji na wageni wana miiko yao, lakini mtu wa gazeti analipwa kwa kuuliza.

"Mama, niwie radhi, nataka kuandika. Safari hii mliichagua kwa nini?"

"Safari gani?" anasema Bi Tuful. "Sisi tumekuja kuposa."

Upepo unavuma. Muhanna anamtazama mwandishi, anamtazama mama, anamtazama mbuzi aliyetoa kichwa dirishani.

"Kumposa nani?"

"Zuwaina binti wa marehemu ndugu yako. Au umeshamsahau? Umemzungusha mwanangu tangu alfajiri, umemchagulisha mbuzi, umemtishia asali ya moto, na sasa unataka umtupe shimoni. Kama hamtuozeshi binti, tuambie hamtuozeshi. Tutarudi kwetu kwa heshima."

"Mama," anasema Muhanna, "mimi ni dereva wa watalii."

Ilichukua muda kueleweka, na kila aliyeelewa jambo moja alipotewa na jingine. Bakhit aliketi chini. Akaiwasha simu yake, akitarajia kukuta Alhamra nzima inamtafuta. Hapakuwa na hata ujumbe mmoja. Simu ya Zuwaina ilikuwa imezimwa, maana siku ya posa binti hukaa kwa shangazi yake na kutulia. Muhanna alifungua kisanduku akatazama yake. Kampuni haikupiga. Watalii wake halisi hawakulalamika. Dunia nzima ilikuwa kimya, kana kwamba kila mtu yuko mahali pake.

Bi Tuful ndiye aliyeumia zaidi na ukimya ule.

"Tangu asubuhi hatujafika, na hakuna hata aliyeulizia tumepatwa na nini," alisema. "Basi hawakututaka tangu mwanzo."

Machozi yalimtoka Bakhit, naye hakuyaficha.

"Mzee Hamdan namjua," alisema Muhanna. "Alinikatia maji ya shamba mara mbili kwa kuchelewa robo saa. Leo mmechelewa saa saba. Pandeni."

Mwandishi alishauri wampigie mzee simu. Muhanna alimwambia hilo si jambo la simu, akakanyaga mafuta. Wakati wa kuteremka hakuweka mkono dirishani.

Saa tisa na nusu wanabisha hodi Alhamra. Mzee Hamdan anafungua mwenyewe. Anamwona Muhanna, mwandishi, mama mmoja mwenye vumbi na kijana aliyechanika kanzu magotini akiwa na mbuzi kwa kamba. Mzee hashtuki, au hataki kuonekana ameshtuka. Anawaamkia, anawauliza hali zao, afya zao na safari yao, anawakaribisha ndani.

Sebuleni, kwenye mto wa heshima, ameketi kijana mwingine. Ana kanzu ya kola ngumu na kitambaa cha kichwani chenye kamba nyeusi, mavazi ya Kuwait kuanzia utosi mpaka kisigino. Mama yake yuko pembeni, amelegea kwa shibe. Mbele yao kuna mifupa ya nyama iliyookwa shimoni, sahani ya wali iliyobomolewa nusu, halua na matunda.

Kahawa inamiminwa. Wageni wapya wanawatazama wageni wa zamani, na wageni wa zamani wanawatazama wapya kwa tabasamu. Mzee Hamdan anatazama mkeka. Dakika zinakwenda, na hakuna anayeuliza kitu.

Mwandishi alifungua mdomo. Muhanna akamwekea mkono juu ya goti, akambana.

"Hii ni yangu," alisema. Kisha akawageukia wale wa Kuwait. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Niwieni radhi, mimi na marehemu baba yangu. Nyinyi ni nani?"

Mzee Hamdan alifumba macho kwa aibu.

"Sisi?" alisema kijana wa Kuwait. "Sisi ni wa safari ya siku moja. Soko, ngome na korongo. Walipotuleta huku kwanza tukadhani ndiyo chakula cha kienyeji, kimetangulizwa. Korongo ni saa ngapi?"

Mkwe wa mzee, aliyetumwa hotelini, alifika saa moja akakuta mama na mwanawe wamesimama mlangoni. Hakuwauliza majina. Mzee Hamdan naye alishangazwa na yale mavazi.

"Nikasema pengine Salala siku hizi wanavaa hivi," alieleza. "Nimewalisha, nimewatembeza mashambani, tumesali pamoja. Baada ya chakula nikamwambia mama, haya, semeni haja yenu. Akaniambia hawana haja yoyote, nimewatosheleza. Nimekaa saa nzima najiuliza: wamemwona binti wapi wakamkataa?"

Hakuna aliyecheka wakati ule. Mzee alimgeukia Bakhit, akamtazama kuanzia manyoya ya kanzuni mpaka damu iliyokauka gotini.

"Kwa hiyo ni wewe. Na chakula cha posa yako kimeliwa. Huyu binti ni amana ya ndugu yangu. Watu wenu siwajui. Nilitaka kukaa nawe kutwa nikuone, na kutwa imepita." Akamgeukia Muhanna. "Wewe umesafiri naye?"

"Tangu alfajiri, mzee."

"Aliyesafiri na mtu ndiye anayemjua. Sema ulichokiona. Usinipambie."

Bi Tuful aliishika kona ya buibui lake. Muhanna aliuzungusha mshipi wa saa yake. Angeweza kumsifu kijana, na pengine ilimpasa kumlipa hivyo baada ya kumharibia siku. Lakini ameulizwa ushahidi.

"Hajui kununua," alisema. "Kwa mbuzi yule kapigwa bei."

"Kiasi gani?"

"Mia na themanini."

Mzee alinyanyuka, akaenda dirishani, akamtazama mbuzi uani. "Kapigwa sana," akasema, akarudi kukaa.

"Na anaogopa ukingo wa korongo. Alikwenda kwa magoti, kisha akasema naogopa, siwezi. Alikuwa anaamini mimi ni wewe, na kwamba nikichukia amemkosa binti. Akasema vile vile."

"Alikuambia hivyo ukingoni?"

"Ukingoni, mbele ya mama yake."

"Akikasirika yukoje?"

"Mama ndiye aliyekasirika, na haki yake. Yeye alilia. Zaidi ya hapo sijui, mzee. Siku moja haitoshi."

Mzee Hamdan alimtazama Bakhit tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kijana hakujitetea. Alisema tu kwamba amekuja kumwomba Zuwaina, na kwamba kama ni kosa kulisema kabla ya kuulizwa, basi asamehewe, kwa sababu leo amekwisha kusubiri.

"Mwiteni shangazi yake," alisema mzee. "Akamuulize binti mwenyewe."

Nusu saa ilipita. Wale wa Kuwait waliambiwa wanaweza kwenda kupumzika, wakakataa kuondoka. Shangazi alirudi akihema, akasimama mlangoni.

"Anasema ndiyo," alitangaza. "Na anasema kama angeulizwa yeye miezi mitano iliyopita, hakuna ambaye angepelekwa ukingoni."

Mzee Hamdan aliagiza wali mwingine upikwe. Bi Tuful ndipo alipolia, akamwomba Muhanna msamaha kwa maneno ya mlimani. Muhanna akasema hakuyasikia, upepo ulikuwa mkali.

Kesho yake aliwapandisha wale wa Kuwait Jabal Shams bila malipo. Kampuni imemwita Maskati kujieleza, na hajui watamweka au watamwondoa. Hata hivyo amejiwekea utaratibu mpya: mgeni akifika garini ataulizwa jina. Wiki hii amejaribu kwa Wajerumani wanne na haikumuuma. "Akija mwenzetu wa jambia kiunoni ndipo nitajua kama nimeweza," anasema.

Harusi ni Salala, baada ya mvua za kusini kupita. Bakhit amemwalika yeye na Ghaniya, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Muhanna atapanda gari la mtu mwingine. Mwandishi alimuuliza anatumaini nini huko.

"Kufika salama," alisema Muhanna, akilifuta vumbi la dashibodi. "Na wanipokee vizuri. Wanipe maji, wanipe kahawa, wanilishe. Lakini asitokee mtu wa kuniuliza jina kabla sijashiba."